Mwenyekiti wa Nyumba Kumi na Moja

Kitongoji hicho sijawahi kukikanyaga, lakini nakijua nyumba kwa nyumba. Zipo kumi na moja. Najua daraja lake la mawe linapitisha gari moja tu kwa wakati, najua kikanisa cha zamani kilichogeuzwa nyumba ya kuishi, najua ukishika barabara ya kulia utafika kijiji chenye kanisa la mnara wa mraba, na ukishika ya kushoto utafika kijiji chenye duka na posta. Nyuma ya nyumba za mwisho kuna kilima chenye mabaki ya kinu cha upepo. Yote hayo nimejifunzia Guangzhou, bwenini, ghorofa ya saba, nimejifunga kanga, na kwa miezi minane nilimwambia mama mmoja wa Kichina kwamba ndipo nilipozaliwa.

Jina la mahali penyewe sitalitaja. Watu wa kule hawajanikosea chochote.

Nilikuja China kwa ufadhili, kusomea mambo ya maji: mabomba, matangi, mifereji. Viza yangu ilikuwa ya masomo, lakini nani hajui kwamba wanafunzi wa kigeni hufundisha Kiingereza mwishoni mwa wiki? Nami nikajaribu. Mara tatu nilipigiwa simu, mara tatu nikasifiwa matamshi, na mara tatu nikaulizwa natoka nchi gani. Nikisema Tanzania, mtu wa upande wa pili anakohoa na kuniambia nitajulishwa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mara ya tatu niliirusha simu kitandani na kuitukana kwa Kisambaa, maana kuna matusi ambayo kwa Kiswahili hayanogi.

Ndipo nikakutana na dalali wetu. Huyu alikuwa Mkenya, mtu wa Nairobi, aliyekuja mara moja kununua jinzi Xintang, mji wa karakana za nguo, na hakuondoka tena. Aliwaunganisha wafanyabiashara wa kwetu na wenye karakana, akawatafutia nafasi kwenye makontena, na pembeni akawatafutia Wachina walimu wa Kiingereza. Tulikaa kwenye mgahawa wa tambi nje ya lango la chuo nikamweleza yaliyonipata. Alicheka hadi akaweka vijiti chini.

"Madam, nani alikutuma useme Tanzania?"

"Ulitaka niseme wapi, mbinguni?"

"Sikiza. Hawa watu wakisikia Afrika ni mei you, hakuna, mlango umefungwa. Wakisikia UK ni karibu, keti, kunywa chai. Na Kizungu chako ni kile kile."

Nikamuuliza kama ana la maana la kuniambia au amekuja kunicheka tu.

"Niko na kazi. Kuna mathee mmoja alikuwa laoban wa karakana ya jeans huko Xintang, bosi mwenyewe. Sasa amestaafu. Binti yake ameolewa England, lakini si London. Ni ushago! Ushago kabisa, hata basi haifiki. Mathee anataka kwenda kuona mjukuu, na anataka mwalimu wa hiyo area. Si Kizungu peke yake, anataka kujua place."

"Sasa mimi naijulia wapi?"

"Si uko na laptop?"

"Na sura hii je?"

"UK wamejaa. Sema babako alikuwa daktari huko. Story imeisha."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa, nikanyanyuka, nikaenda zangu. Nilimaliza tambi zangu nikakubali. Wala haikuwa kwa sababu ya shida, ufadhili ulinitosha kula na kuvaa. Nilitaka walau mara moja niwe yule anayeambiwa karibu, keti, kunywa chai. Nikiandika hivi naona haya zaidi kuliko kama ningekuwa na njaa.

Bwenini nikafungua kompyuta, nikatafuta jina la mahali alilonipa dalali. Ukurasa wa mahali penyewe ulikuwa na sentensi nne. Zilisema kipo baina ya vijiji fulani na fulani, kwamba jirani kuna jumba la mabwana wa zamani lenye lango la chuma, na kwamba kinu cha upepo kilimani hakijasaga nafaka tangu zamani. Neno la Kiingereza walilokiitia lilikuwa la kitu kidogo kuliko kijiji. Nikalitafuta kwenye kamusi, nikajibiwa: kitongoji.

Nilifurahi peke yangu. Kijiji cha Kiingereza nisingekijua, lakini kitongoji? Mimi nimezaliwa kitongojini. Kwetu Lushoto kijiji hugawanywa vitongoji, na kila kitongoji kina mwenyekiti wake. Hakuna linalokwenda bila yeye. Mgeni akija kulala kwako, mwenyekiti apewe taarifa. Mkigombea mpaka wa shamba, kwa mwenyekiti. Mtoto akipata chuo, barua ya utambulisho inaandikwa na mwenyekiti na kupigwa mhuri wa wino wa zambarau. Hata karatasi zangu za ufadhili, kabla hazijafika wizarani, zilianza na mhuri huo, baada ya mama yangu kumfuata mwenyekiti siku tatu mfululizo.

Kisha zikaja picha. Kuna ramani zenye picha za barabarani, unabonyeza na kusonga mbele hatua kwa hatua, na sisi wageni tuna njia zetu za kuzifungua hata zikiwa zimezibwa. Kwa wiki mbili nilikuwa natembea kule kila jioni. Milima ya kijani, kabichi, ukungu juu ya malisho, kanisa la mawe: mbona kama kwetu? Nilimzoea mzee mmoja anayekata nyasi na uso wake umefifishwa na mashine. Na karibu na daraja niliona nyumba nyeupe yenye mlango wa bluu, na mbele yake, juu ya mlingoti, bendera. Sikujiuliza mara mbili. Kwetu huwezi kupotea, ukitafuta kwa mwenyekiti unatazama palipo na bendera.

Yule mama alikuwa akiishi Liwan, mtaa wa zamani wa Guangzhou, kwenye kichochoro kisicho mbali na soko la nguo la Shisanhang, nyumba ya chini ambayo mwezi wa tatu kuta zake zilitoa jasho na sakafu ikateleza. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi, na shingoni alining'iniza mkasi mdogo kwa kamba. Miaka thelathini ya jinzi ilikuwa imemwachia mazoea ya kutovumilia uzi unaoning'inia. Siku ya kwanza, kabla hatujamaliza kusalimiana, alinishika mkono, akatazama pindo la blauzi yangu, akakata uzi. Kando ya kucha zake bado kulikuwa na ubluu ambao sabuni haijauweza.

Meza yake ilikuwa na kioo juu, na chini ya kioo picha za binti yake. Binti akiwa mchanga, binti akivaa joho la kuhitimu, binti akiolewa mbele ya kanisa lenye mnara wa mraba.

"Hili kanisa nalijua," nikasema kwa Kichina changu cha kuungaunga. "Liko kijiji cha pili, ukitoka kwetu ukashika kulia."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Kuanzia hapo hakuniita kwa neno jingine ila Mwalimu, na hakuniuliza tena swali lolote la kunipima. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali kumi, baba daktari, shule, tarehe, na hakuuliza hata moja. Nakumbuka nilirudi na metro nikitabasamu.

Baada ya masomo matatu au manne akanieleza kilichokuwa kikimsumbua. Binti huyo alilelewa na bibi yake, mbali, kwa kuwa mama alikuwa Xintang mchana na usiku na mashine za kushona. Walionana sikukuu tu. Sasa binti amejifungua, na mama anataka kwenda kukaa miezi sita na mjukuu.

"Yeye sikumlea," alisema. "Huyu mdogo nataka nimlee, hata kwa miezi sita. Lakini binti yangu ananiambia, Mama utakuja kukaa ndani tu, hata maziwa hutaweza kununua, utanitia aibu kwa wakwe. Nimemwambia nitakuja, sikumwambia ninasoma. Nataka anikute najua njia."

Hilo ndilo alilolitaka kwangu. Asimwaibishe binti yake. Nami nilimtazama usoni nikamwambia asiwe na shaka, akitoka mikononi mwangu atatembea kule macho kafumba.

Tulichora ramani kwenye karatasi kubwa ya kukatia mitindo ya suruali. Alitembeza vidole viwili: nyumba ya binti, ya nne kutoka darajani, kisha kikanisa, kisha njia ya mguu kando ya kijito, kisha duka. Kila akifika mahali alisema sentensi yake ya Kiingereza. Habari za asubuhi. Naomba maziwa. Leo kuna ukungu. Na pale nisipojua, nilichota Lushoto. Nikamwambia watu wa kule hawapishani njiani bila kusalimiana. Nikamwambia Alhamisi wanawake huleta mboga njia panda. Nikamwambia mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Aliandika yote kwenye daftari lenye picha ya sungura, kwa herufi ndogo, na nyumbani aliyarudia hadi wiki inayofuata ananisomea mimi mwenyewe nilivyosema, wakati mimi nimeshasahau.

Siku moja akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, nikifika, naripoti kwa nani?"

Swali hilo halikunishangaza hata kidogo. Yeye alikuwa ametoka kwao shambani kwenda Xintang, na Xintang kwenda Liwan, na kila alipohamia aliandikishwa. Mimi nilipofika Guangzhou, kabla sijajua choo kiko wapi, nilipelekwa kituoni kuandikisha ninapolala. Kati yetu wawili hapakuwa na aliyewahi kuona mahali ambapo mgeni anaingia tu na kulala.

"Kwa mwenyekiti," nikamjibu, nikalitafsiri neno kwa Kiingereza kama linavyotafsiriwa ofisini kwetu.

Akauliza kama cheo hicho si kikubwa mno, maana kwa Wachina ni cha wakubwa wa nchi. Mtu wa nyumba kumi na moja?

"Kwetu ndivyo," nilisema, na kwetu ndivyo. "Anakaa nyumba yenye bendera, karibu na daraja. Mlango wa bluu. Nenda siku za mwanzo, usichelewe, ataona umemdharau. Na ukimkosa leo rudi kesho. Wenyeviti hupenda kufuatwa."

Hapa ndipo panaponichoma. Mengine yote niliyomdanganya, nilijua ninadanganya. Hili la mwenyekiti nililiamini. Nilikuwa na kompyuta, nilikuwa na kamusi, nilikuwa karibu nimalize shahada ya pili, na haikunijia kuangalia kama Waingereza wana mwenyekiti wa kitongoji. Nilidhani nimefika mahali penye ukweli katikati ya uongo wangu, na nikatulia hapo, nikafundisha kwa moyo wote.

Tukatunga sentensi. "Habari za asubuhi, Mwenyekiti. Mimi ni mgeni wa nyumba ya nne. Nimekuja kujitambulisha." Kwa Kiingereza ilimshinda ulimi kwa wiki kadhaa. Alikuwa akiisema akikata vitunguu, akiisema akifungua mlango, akainama kidogo mwishoni hadi nikamwambia kule hawainami. Akaomba nimwandikie na barua. Nikaiandika, kwa Mwenyekiti, nikieleza kwamba mama huyu ni mtu mwema na mimi ni mzaliwa wa hapo, mtoto wa daktari, nikasaini. Aliigeuza akatazama nyuma.

"Mhuri?"

Tulikubaliana barua bila mhuri ni karatasi. Akaenda chumbani akaleta mhuri wa zamani wa karakana yake, mwekundu wa duara, akaupiga chini ya saini yangu. Tulifurahi wote wawili.

Aliondoka mvua za mwezi wa nne zikiwa zimeanza. Kwa ajili ya mwenyekiti alibeba kopo la maganda ya machungwa yaliyokaushwa, ya miaka kumi na mitano, ambayo kwao ni dawa, ni kiungo, na ni heshima. Nilimsindikiza hadi metro. Alinibana mkono, akanitazama pindo la shati, akakosa uzi wa kukata, akacheka.

Nikarudi kwa wenzangu bwenini nikawasimulia. Wa kutoka Mombasa aliigiza Mwingereza akipokea maganda ya machungwa, tukacheka hadi machozi. Nilicheka mimi pia, na zaidi yao. Nikakaa kuandika tasnifu yangu.

Wiki ya tano ukaingia ujumbe kwenye simu: amerudi, anaomba nifike. Nilihesabu miezi sita, haikuingia. Nikafikiri mjukuu anaumwa, nikafikiri yeye anaumwa. Nikafikiri kila kitu isipokuwa mimi.

Alinifungulia mlango akiwa amevaa vizuri, shati lililopigwa pasi, nywele zimebanwa. Ramani yetu, aliyokuwa ameibandika ukutani, haikuwapo. Alinikalisha akaanza kusimulia kwa Kichina, polepole ili nielewe, bila kupandisha sauti.

Siku ya pili baada ya kufika, binti na mumewe wakiwa kazini, alimvika mjukuu, akamweka kwenye kigari chake, akachukua kopo na barua, akaenda darajani. Bendera ilikuwapo. Mlango ulikuwa wa bluu. Alibisha, akafungua mwanamume wa makamo. Akamwambia sentensi yake, yote, bila kukosea hata neno. Ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwa mtu wa Uingereza asiye wa nyumba yao. Mwanamume akatazama barua, akamtazama yeye, akasema maneno ya haraka, akamrudishia barua na kufunga. Kopo hakulipokea.

"Nikajua ana kazi," alisema. "Wewe uliniambia nirudi kesho."

Akarudi kesho yake. Mlango haukufunguliwa, lakini pazia lilisogea. Akarudi siku ya tatu, mvua ikinyesha, akafunika kigari kwa nailoni, akasimama langoni asubuhi nzima akingoja mwenyekiti atoke. Alidhani akimwona amelowa atamhurumia. Mwanamume akapiga simu. Jioni wakaja polisi wawili nyumbani kwa binti, kwa upole, wakavua kofia, na mama mkwe wa binti alikuwa amekaa pale pale sebuleni na kikombe chake.

Polisi walipoondoka binti aliikuta barua yangu kwenye kigari, chini ya mtoto. Akaisoma kwa sauti mezani, mbele ya wote, akimtafsiria mama yake.

"Aliniambia hapa hakuna mwenyekiti. Nikamwambia, unaishi hapa miaka minne na humjui mwenyekiti wako? Akaniambia hapajawahi kuwa na daktari Mwafrika hapa, huyo mwalimu ni tapeli. Nikamwambia asimtukane mwalimu wangu. Nikamwambia wewe ndiye hujui majirani zako, hujui kusalimia, mwalimu wangu analijua kila jiwe la hapa kuliko wewe."

Nilijaribu kutazama picha chini ya kioo, nikashindwa kuitazama hata moja.

"Akaniambia tangu utoto wake namwamini kila mtu ila yeye. Maneno yakawa mengi, ya zamani. Wiki mbili hatukusemezana, mtoto tukawa tunapokezana kama wafanyakazi wa zamu. Mwishoni alinibadilishia tiketi. Sasa nikipiga hapokei."

Nilijua lazima niseme ukweli, na nilijua nianze wapi. Kabla sijafungua mdomo alinyanyuka, akamimina chai kwenye kikombe kidogo, akakishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mbele yangu. Kwao anayekiri kosa humpa chai aliyemkosea, na akinywa yameisha. Mama wa miaka sitini na kitu, aliyeajiri mafundi mia na kuwagombeza madereva wa malori, ameniinamia mimi.

"Mwalimu, nisamehe. Nimekuharibia jina kwenu. Mwenyekiti wenu atasema umemtumia mtu asiye na adabu."

Uso ulinishuka. Kama sakafu ile ya unyevunyevu ingefunguka, ningeingia.

"Mama, weka kikombe," nikasema. "Binti yako amesema kweli. Mimi sijawahi kufika Uingereza. Mimi ni Mtanzania. Baba yangu si daktari, analima kabichi. Mwenyekiti ni wa kwetu, si wa kule. Nimekudanganya tangu siku ya kwanza."

Nilisema kwa Kichina, nikarudia kwa Kiingereza kile nilichomfundisha, ili pasiwe na pa kujifichia. Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa kikiwa bado chini. Kisha akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama anayemsikia mtoto akisema hataki tena kwenda nyumbani.

"Una hasira," alisema. "Una haki. Lakini usiwakatae watu wa kwenu kwa sababu yangu."

"Si hasira, mama. Nilisoma kwenye kompyuta."

"Kanisa ulilijua kwenye picha kabla sijakuambia. Daraja liko pale ulipolichora. Kinu kiko kilimani. Bendera ipo. Nimeyaona yote kwa macho yangu, Mwalimu. Mtu hawezi kujua hivyo mahali asipozaliwa."

Pasipoti ilikuwa kwenye mkoba, pajani. Mgeni hatembei bila pasipoti mji huu. Nilitia mkono nikaigusa, nikaisikia nembo kwa kidole. Ningeiweka juu ya kioo, asome mahali pa kuzaliwa, yangekwisha. Na angejua kwamba amemtupa binti yake na mjukuu wake kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Nikajiambia ninamhurumia, mzigo huo hataubeba. Ilikuwa uongo na huo, labda mkubwa kuliko yote. Niliogopa jinsi ambavyo angenitazama. Ningeweza pia kuomba namba ya binti yake, nimpigie mimi mwenyewe, nimwambie mama yako alikuwa akikutafutia heshima kwa miezi minane na mimi ndiye nimeiharibu. Namba sikuiomba. Nikatoa mkono mkobani mtupu.

Yeye hakuwa ameinua kichwa. Chai ilimwagika kidogo kwenye kidole na hakukisogeza. Alikuwa akingoja ninywe.

Nikakipokea kikombe kwa mikono miwili, kama inavyopasa, nikanywa yote.

"Nimekusamehe, mama," nikamwambia, naye akashusha pumzi ndefu na kunishukuru.